Mwezi Ulikuwa Mashuke

Sokoni, Morogoro Mjini
Jumanne, 20 Septemba 1994

Dada Shamsia,

Shikamoo dada yangu. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta umekaa, maana ukisimama wewe husomi, unafoka. Mko salama huko Turiani? Shemeji anaendeleaje na kile kikohozi cha msimu wa kuchoma miwa? Na Semeni wetu, meno ya mbele yameota au bado anacheka kama bibi kizee? Mwambie mjomba wake anakumbuka ahadi ya kumbeba mgongoni.

Ukitaka kujua hali yangu, mwili mzima. Nakula kwa Josephina, mama lishe wa hapa sokoni, kila mchana na suruali bado zinanipwaya. Mji umejaa vumbi la Septemba, na mlima wetu unaonekana asubuhi kidogo halafu unajifunika. Najua uliapa msibani kwamba hutapokea tena neno lolote kutoka nyumbani Kinole. Tulia. Hii imetoka sokoni Morogoro, kiapo chako kizima. Unaona mdogo wako anavyokufikiria?

Jambo lenyewe ni hili. Arobaini ya Mama ni Jumamosi, tarehe mosi Oktoba. Wazee wa lukolo, wale wa upande wa Mama, walikaa wiki iliyopita bila Mjomba Kibwana, wakakubaliana kwamba siku hiyohiyo, kisomo kikiisha, watamvua usimamizi wa mashamba ya ukoo. Hoja yao ni ile uliyoitoa wewe, umesimama mlangoni mbele ya watu wote: kwamba Mjomba alimrudisha Mama kutoka hospitali ili akamfanyie tambiko, na tambiko ndilo lililomla. Wanakusubiri uje urudie. Zaidi ya kinywa chako hawana shahidi. Yule mzee maisha yake yote kazi yake ni kuwaonyesha watu mipaka ya migomba na kuwapatanisha wakigombana. Wakimvua hiyo atabaki na koti tu. Kwa hiyo nakuomba uje. Ila kabla hujapanda gari soma hii mpaka mwisho, na usiruke mistari kama ulivyokuwa unaruka uliponisomea hadithi ili nilale upesi.

Nianzie kwenye hilo koti, maana ndipo mambo yalipoanzia.

Unajua mimi na shule tuliachana kidato cha pili, na mpaka leo hakuna aliyemtafuta mwenzake. Tangu mitumba ifunguliwe nimekuwa mtu wa marobota pale sokoni. Mwaka jana mwishoni tulifungua robota moja la makoti ya baridi. Makoti ya baridi, Morogoro, mwezi wa Desemba! Tajiri alitaka kulia. Lilikuwepo moja refu la sufu, rangi ya majivu, nikapewa kama posho kwa kukosa mnunuzi. Mfuko wa ndani nikakuta kitabu chembamba cha Kiingereza, kina picha ya jua lenye uso wa mtu. Koti nikampelekea Mjomba, wote mkasema Twalibu amekua, ana heshima. Kitabu nikabaki nacho.

Kilikuwa kitabu cha nyota, cha kumfundisha mtu asiyejua kitu. Nikaazima kamusi, ambayo mwenyewe bado anaitafuta, nikaanza kuchimba. Majina ya Kiswahili hayakunisumbua, maana siku hizi magazeti ya watu binafsi yamekuwa mengi kama nzi wa maembe na kila moja lina kona ya nyota. Baada ya miezi miwili nikaweka meza yangu pembeni ya marobota, nikaitandika kitambaa chekundu, nikachonga mhuri wa nyota kwenye soli ya ndala kuukuu. Dada, watu walipanga foleni! Walimu, mafundi cherehani, hata askari mmoja aliyevaa kiraia akidhani simjui. Mimi, niliyefeli jiografia, nikawa namwambia mwalimu wa jiografia jua lake liko wapi.

Ngoja nikupe somo, ili ujue nilichokuwa nakifanya. Jua, ukilitazama kutoka hapa chini, kwa mwaka mzima linapita njia moja angani. Wazungu wa kale waliikata njia hiyo mapande kumi na mawili, kama wewe unavyomkatia Semeni muwa, na kila pande wakalipa jina: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Jua hukaa kila pande kama mwezi mmoja. Pale lilipokuwa siku unazaliwa, hiyo ndiyo nyota yako. Wewe ulizaliwa hospitali ya mjini kwa vile ulikuja kwa shida, mbishi tangu tumboni, ndiyo maana una tarehe ya kweli: tatu Agosti. Basi wewe Simba, na kwa hilo sikuhitaji kufungua kitabu. Halafu nyota hizo zimegawanywa kwa tabia, tatu za moto, tatu za udongo, tatu za upepo, tatu za maji. Simba ni moto. Shemeji ni Samaki, maji, na Mungu ambariki kwa kazi ya kukuzima.

Hapo ni jua tu. Upo na mwezi, ambao wenyewe una haraka, kila pande unakaa siku mbili na nusu basi unahama. Jua linasema wewe ni nani, mwezi unasema leo moyo wako na mwili wako vikoje. Ipo pia nyota inayochomoza saa uliyotoka tumboni, lakini hiyo inadai saa kamili, na ukimuuliza mtu wa Kinole alizaliwa saa ngapi atakujibu kwamba mama yake ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuchota maji. Mwisho kuna viungo. Kila nyota imepewa sehemu ya mwili wa mtu, kuanzia Punda kichwani, Ng'ombe shingoni, na kuteremka hivyo mpaka Samaki kwenye nyayo. Nge amepewa tumbo la chini. Lishike hilo, dada, tutalirudia.

Shida yangu kubwa ilikuwa tarehe. Unakumbuka Mwalimu Mkuu wetu alivyokuwa anaandikisha darasa la kwanza? Mtoto asiyejua siku yake ya kuzaliwa aliandikiwa tarehe mosi Julai. Kwa kitabu changu basi, nusu ya Kinole ni Kaa, na mimi mwenyewe nikiwemo, Kaa wa Mwalimu Mkuu. Sasa mteja anakuja, hana tarehe, umrudishe? Nikabuni njia. Kwanza namchunguza tabia, kutoka tabia napata nyota, kutoka nyota namchagulia tarehe. Rogers, yule dereva wa lori la sukari atakayekuletea barua hii, nilimpa Mshale kwa sababu ya mwendo wake. Josephina nilimpa Mizani kutokana na anavyotupimia wali, akanirushia upawa. Watu walikuja hawana siku, wakaondoka nayo imepigwa mhuri. Nilijiona kama msajili wa serikali.

Mama alipita hapo mwezi wa tatu, ametoka kuuza mdalasini. Alisimama pembeni akanisikiliza nikimhubiria mteja, na mdomo wake ukafanya vile unavyofanya akizuia tabasamu. Foleni ilipoisha akasogea, akasema na yeye apewe yake, isije ikawa kijana wake anawagawia watu wa mjini na nyumbani wanakosa. Nikamuuliza alizaliwa lini. Akasema marehemu bibi hakuwahi kumwambia zaidi ya kwamba kulikuwa na ukungu. Ukungu! Uluguru! Nikampa Nge, tarehe 14 Novemba, nikamwandikia kwenye karatasi na mhuri wangu juu. Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga, akasema kumbe na yeye ana siku. Nasikia aliitangaza kijiji kizima. Mjomba alicheka, akasema yeye nyota zake ni za kumwonyesha wakati wa kupanda maharage, hizo nyingine awaachie waliosoma.

Mwezi wa sita tumbo la Mama likaanza kuvimba. Wanawake walimtania kwamba anatuletea mdogo wetu uzeeni, naye akacheka nao. Wewe uliambiwa kwamba Mjomba hakutaka kusikia habari ya hospitali. Dada, aliyemteremsha Mama hospitali ni Mjomba, mwezi wa saba, koti begani, walitembea mpaka Mkuyuni ndipo wakapata gari. Daktari alikuta uvimbe. Akasema utolewe mapema, usije ukajisokota. Daktari wa kupasua alikuwa anakuja hapo kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatano. Mama akapangiwa Jumatano, tarehe 10 Agosti. Muuguzi mmoja, Felista, alimwandikia kwenye kadi kwa wino mwekundu.

Jumatatu tarehe 8 walikuja mjini wote wawili ili kesho yake Mama alazwe. Hapa, dada, kalamu imekuwa nzito. Nimetoka nje mara mbili, nimenunua karanga ambazo sizitaki, nimerudi.

Walipita mezani kwangu kunisalimu kabla ya kwenda kulala kwa ndugu. Nilikuwa na wateja sita wamekaa kwenye benchi. Mama akanieleza mambo ya daktari, yote, na lile neno la kujisokota alilisema, nililisikia kwa masikio yangu haya. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo ya mtu anayeogopa kisu, kama nyota yake inasemaje kuhusu Jumatano.

Ningeweza kumwambia Mama nenda. Neno moja tu. Ningeweza kusema sijui, lakini wale sita walikuwa wananiangalia, na mimi neno sijui nilikuwa nimeshalisahau. Nikafungua kitabu kwa mbwembwe, nikateremsha kidole kwenye majedwali ya mwezi. Kitabu kilisema kwamba kiungo kisiguswe na chuma wakati mwezi umo katika nyota ya kiungo hicho. Nikatafuta tarehe 10 Agosti. Mwezi: Nge. Nge wake yeye mwenyewe, na Nge wa tumbo la chini. Wateja waliguna. Dada, nakiri na hili, lile guno lilinipendeza.

Nikamwambia Jumatano hiyo haifai, asubiri Jumatano ya daktari inayofuata, tarehe 24. Akauliza kama wiki mbili si nyingi. Nikajibu, kwa sauti ya kusikika benchi zima, kwamba kwa nyota wiki mbili ni kufumba na kufumbua. Nikaomba ile karatasi yake, nikaandika nyuma, nikapiga mhuri. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yake, kashika kikapu cha nguo za wodini. Alifungua mdomo, akatazama benchi, akaufunga. Kesho yake Mama alikwenda kumwomba Felista ambadilishie tarehe, akamwambia kuna jambo la kifamilia. Wakapanda lori la ndizi lililokuwa linarudi tupu.

Hilo ndilo tambiko, dada. Hakuna kuku aliyechinjwa wala pombe iliyomwagwa. Mganga alikuwa mimi, na mizimu ilikuwa kitabu cha kwenye mfuko wa koti.

Jumamosi tarehe 20 walisoma Maulidi pale kijijini. Mama alisaidia kuinua sufuria ya pilau, akaanguka. Walimteremsha kwa machela mpaka barabarani, Mjomba kashika mbele njia nzima, wakitaka kumpokea anawafukuza. Walifika hospitali Jumapili jioni. Mimi nilikuwepo. Jumatatu asubuhi akatutoka, zikiwa zimebaki siku mbili kufika tarehe niliyomchagulia. Felista alinifuata nje nilipoegemea ukuta, akaniuliza kwa upole ni jambo gani hilo la kifamilia lililowazuia kuja tarehe 10. Nikamjibu sijui. Unaona? Neno nikalikumbuka.

Halafu msiba, halafu wewe mlangoni. Uliuliza nani alimrudisha dada yake kutoka mlango wa hospitali. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka uliposimama, natazama viatu vyangu. Mjomba akasema walirudi pamoja, na yeye ndiye mkubwa. Ukamalizia uliyomalizia, na yeye akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, mchana ule wa jua, kama mtu aliyesikia baridi.

Siku ya tatu baada ya mazishi aliniita nyuma ya nyumba. Akatoa ile karatasi mfukoni, wanawake waliomwosha Mama walikuwa wameikuta kwenye pindo la kanga. Kusoma hajui, lakini mhuri anaujua. Nikamwuliza kwa nini hakunitaja. Akasema yeye siku ile pale mezani alitaka kusema, akaona haya kumkosoa kijana wake aliyesoma mbele ya wageni, kwa hiyo lawama ni yake pia na jina lake ni kuukuu, linaweza kubeba. Langu bado jipya. Kisha akasema kitu kimoja kilichomsumbua, akakisema kama mtu anayeulizia bei. Akasema jioni ile ya Jumatatu, wakiwa kwa ndugu, aliuona mwezi unaandama, mwembamba kama ukucha, unalifuata jua linapozama. Akaniuliza mwezi mchanga hivyo uliwezaje kuwa umeshafika mbali mpaka kwenye nyota ya dada yake.

Dada, nilirudi mjini nikafungua kitabu. Kuna ukurasa mmoja nilikuwa nimeuruka kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa kigumu, nao ni wa mwanzo kabisa, wa watoto. Unasema ukitaka kujua mwezi ulipo, anza siku unapoandama, siku hiyo uko karibu na jua, halafu hesabu siku mbili na nusu kwa kila pande. Agosti jua liko Simba. Ukiandama Jumatatu, Jumatano unakuwa Mashuke. Hata mtoto anaweza. Mashuke, dada, na Nge bado mbali. Nikatazama tena yale majedwali niliyoyateremshia kidole. Yaliishia mwaka 1978. Wakati natafuta sikuona 1994, nikachukua la mwisho nikaona linatosha, kama mtu anayevaa kiatu cha marehemu.

Bado. Mjomba ni mkubwa kwa Mama, nikamwuliza kama anakumbuka Mama alipozaliwa. Anakumbuka vizuri. Alikuwa mtoto, amewekwa shambani kufukuza nyani kwenye mahindi yaliyokomaa, mvua za masika zikiisha, akaitwa kwamba amepata mdogo wake. Hiyo ni Mei, dada. Mama alikuwa Ng'ombe, shingo. Tumbo lake halikuwa na ugomvi na mwezi wowote. Na Nge nilimpa kwa nini? Nitakuambia, maana nimeshakuvulia kila kitu. Ukurasa wa Nge ndio uliokuwa na maneno mengi niliyoyaelewa.

Kwa hiyo hata kwa sheria za uongo wenyewe, Jumatano ile ilikuwa safi. Angekwenda, angepasuliwa, na sasa hivi angekuwa ananisema kwa nini sijaoa.

Meza nimeivunja. Kitabu nimempa Josephina, anafungia karanga, na watu wanatembea sokoni wakitafuna juu ya Simba na Mizani bila kujua. Wateja bado wananitafuta. Juzi Rogers ameniuliza safari yake ikoje, nikamwambia akague breki.

Jumamosi hiyo nitasimama mimi mbele ya wazee na niseme haya, uwe umekuja au hukuja. Mjomba amenikataza. Nimemwambia safari hii simsikilizi, na yeye aanze kunizoea. Lakini wewe ndiye uliyemhukumu, na wewe ndiye wanayekusubiri. Nimeona si haki uyasikie pamoja na watu, umesimama pale mlangoni bila mahali pa kushika. Ukija, njoo mapema, umpe mkono kabla mimi sijafungua mdomo. Anakaa upande wa jikoni siku hizi. Mahali pake pa mbele amepaacha wazi, hakuna aliyemwambia. Mimi usinisamehe kwanza. Sijui nitaupeleka wapi msamaha wako sasa hivi.

Huenda ukadhani natunga ili kumwokoa mzee, maana uhodari wangu wa kutunga unaujua. Ndiyo sababu nimeitia karatasi yenyewe ndani ya bahasha hii. Ifungue taratibu, mikunjo imelegea. Upande mmoja ni ile siku niliyompa Mama. Upande wa pili nimeandika: Jumatano 10/8 mwezi uko Nge, usiguswe na kisu, subiri 24/8. Mhuri unaweza kuuita wa mtu yeyote. Mwandiko huwezi. Zile herufi za kulala upande, zenye mikia mirefu, ulinifundisha wewe, mkono wako juu ya mkono wangu, kwenye mchanga wa nyuma ya jiko, kabla sijaanza shule.

Nisalimie shemeji, mwambie asinywe maji ya baridi na kikohozi hicho. Semeni mbusu, na ukipata nafasi iandike mahali tarehe yake ya kuzaliwa, ile ya kweli. Mjomba hajui kwamba nakuandikia, lakini kila nikienda ananiuliza kama kuna habari kutoka Turiani.

Wako aliyekuwa fundi wa nyota,
mdogo wako,

Twalibu